Kuuzunguka Winam: Desemba kwenye Pwani ya Magharibi

Jumamosi, Nakuru hadi Kisumu

Kila shule zikifungwa, nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Bondeni hupelekwa Mombasa, na wanaobaki hushinda wakingoja kusimuliwa. Mwaka huu wanangu walipoanza kunidai bahari niliwaahidi pwani, ila nikawaambia tutaelekea jua linakotua. Tutafikia Kisumu kwa mjomba wangu, kisha tufuate ukingo wa Ghuba ya Winam mji kwa mji hadi Mbita, pale ghuba inapofunguka na Ziwa Viktoria lenyewe kuanza. Mkubwa alinuna. Mdogo aliuliza kama kuna mawimbi. Nikamwambia atayaona.

Matatu iliondoka alfajiri. Salgaa, Mau Summit, halafu Kericho na mashamba yake ya chai. Kutoka hapo barabara inateremka na joto linapanda, na abiria wakaanza kuvua sweta. Pale Ahero, kwenye daraja la Mto Nyando, foleni ilitusimamisha kidogo nikapata nafasi ya kuchungulia chini. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha sana huko juu. Mto ulijaa hadi kwenye majani ya ukingoni, rangi yake kama chai ya maziwa. Nyando hukusanya maji kutoka milima ya Nandi na upande wa Londiani, sehemu zile zile tulizopita asubuhi. Shamba linalolimwa hadi kwenye ukingo wa kijito huko kwetu, udongo wake unapita chini ya daraja hili na kuingia ghubani. Nilifundishwa hayo shuleni, lakini mwalimu hakuweza kunionyesha ule wingi wake.

Mjomba anakaa Kaloleni. Alifanya kazi reli na baadaye bandarini, na mpaka leo huwezi kumpita na habari ya meli. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, mmefika salama? Hebu waingize watoto, jua limewachoma." Mkaza mjomba alikuwa amepika ngege wa nazi na wali, na hakuna aliyezungumza mpaka sahani zikabaki miiba mitupu.

Jumapili, Dunga

Asubuhi mjomba alitupeleka Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji. Upande mmoja kuna mashua na wanawake wanaopara samaki, upande wa pili kuna kinamasi cha mafunjo marefu kuliko mtu. Wenyeji wamejenga njia ya mbao inayoingia ndani ya mafunjo, na vijana wanaotembeza wageni wanajua ndege kwa sauti kabla ya kuwaona. Mafunjo yale yana kazi kubwa. Maji machafu yanapopita kwenye mizizi yake, tope hutua, na mbolea iliyosombwa mashambani hunyonywa na mimea badala ya kwenda ziwani. Penye mafunjo yaliyofyekwa, uchafu unapita moja kwa moja.

Tulikodi mashua tuzunguke kidogo. Mjomba aliomba kasia, akalisimamisha wima majini na kuwaambia watoto waangalie ubao wake. Ulizama kiasi cha shubiri mbili ukapotea. Maji yalikuwa ya kijani kizito, na mkono ukiutoa unaona chembe zimebaki kwenye ngozi.

"Enzi zenu je?" nikamuuliza mjomba.

"Enzi zetu ulikuwa unaona zaidi ya hapa. Lakini usidhani ghuba hii iliwahi kuwa kama kioo. Maji yake hayana pa kwenda."

Hapo ndipo alipotueleza sura ya mahali, na maelezo yake ndiyo yaliyotuongoza wiki nzima. Winam ni mkono wa ziwa ulioingia ndani ya nchi kavu kiasi cha kilomita 60, na mlango wake uko huko Mbita, umebanwa na kisiwa cha Rusinga na rasi ya Uyoma. Upande wa Kisumu kina ni mita chache tu. Upepo mkali wa ziwa kuu haufiki huku kwa nguvu zake zote, na ndiyo maana Waingereza walipotafuta mwisho wa reli yao walipapenda: reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence, na meli zikapata pa kulala bila kusukwasukwa. Utulivu huo huo ndio unaofanya tope la Nyando litue hapa na maji ya mitaro ya mji yazunguke hapa.

Na ndio uliokaribisha gugumaji. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika maji ya Kenya ulianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maua yake ni ya zambarau, mazuri hasa. Katika miaka hiyo hiyo waliletwa fukusi wanaoula, ukapungua, ukarudi, na mpaka leo upepo ukigeuka unaweza kuamka ukakuta bandari yote imekuwa shamba. Mjomba ameshuhudia meli ikikwama ndani yake kama mtu aliyefungwa blanketi. Tulipita karibu na kisiwa kimoja cha gugumaji kinachoelea, ndege watatu wamekisimamia, na mvuvi akiusukuma mtumbwi wake kukizunguka polepole. Alitusalimu bila kuacha kusukuma. Saa zima la kazi yake linakwenda hapo, na hakuna anayemlipa.

Jumatatu, Kendu Bay na Simbi

Tulirudi Ahero tukakata kwenda Katito. Mjomba alikuja nasi, kwa maneno yake ili "watoto wasidanganywe njiani". Tulivuka Mto Sondu Miriu, ambao unashuka kutoka msitu wa Mau na kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kabla ya kuingia ghubani. Mto wa pili huo wenye maji ya kwetu.

Kendu Bay ni mji wa zamani wa biashara, wenye maduka yenye baraza, msikiti, na Waislamu waliokaa hapa vizazi kadhaa. Ukisema Kiswahili cha mtaani kwetu hakuna anayekugeukia. Tuliswali adhuhuri, tukala maharagwe na chapati, tukaondoka kwa bodaboda hadi Simbi Nyaima.

Hapa sikutegemea kitu kikubwa, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Simbi ni ziwa dogo lililomo ndani ya shimo la volkano, karibu kabisa na ghuba lakini halichangamani nayo. Unasimama ukingoni unaona duara la maji ya kijani kikali, kijani cha rangi ya kupaka, na mita chache nyuma yako watu wanalima mtama. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake ni ya magadi, na vijimea vidogo sana vinavyoyapa rangi ile ndivyo chakula cha heroe, yaani flamingo.

Na heroe walikuwapo. Mdogo aliwaona kwanza, akapiga ukelele: "Mama, ndege wetu!" Mtoto wa Nakuru anayajua hayo. Ziwa letu lilifurika, magadi yakazimuka, chakula kikapungua, na ndege wengi wakahama. Kuwakuta huku, mamia wamejipanga kwenye ukingo wa maji vichwa chini, kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Tulikaa chini kwenye nyasi tukawaangalia wakichuja. Mguu mmoja mbele, shingo inakwenda kushoto na kulia, mdomo umegeuzwa juu chini, kisha hatua nyingine. Ukinyamaza vizuri unasikia mlio wa chini chini wa midomo mingi ndani ya maji.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alitusimulia kisa cha mahali. Simbi kilikuwa kijiji. Usiku mmoja watu wakiwa kwenye sherehe alikuja bibi kizee, amechoka, akaomba chakula na pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempa chakula na kumkaribisha kwake. Bibi akamwambia aondoke na watu wake usiku ule ule. Mvua ikashuka, ardhi ikafunguka, kijiji chote kikaenda chini. Mzee alisimulia bila haraka, akitaja hata upande ambao mwanamke yule alikimbilia, akauonyesha kwa fimbo. Mjomba, ambaye husahihisha kila mtu, hakusahihisha hata neno moja. Tulizunguka ziwa lote kwa miguu na jua likatukuta barabarani.

Jumanne, Homa Bay

Siku fupi. Barabara inauacha Mlima Homa upande wa ziwa, na kwenye rasi ya mlima huo, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Watu wamekuwa wakila kando ya maji haya kwa muda mrefu mno.

Homa Bay yenyewe imejaa shughuli: gati, soko la samaki, kilima cha Asego kimesimama juu ya mji. Ni mji wa kazi zaidi kuliko wa mapumziko, na mgeni asiulaumu kwa hilo. Aliye na gari angeelekea Hifadhi ya Ruma kumwona korongo, swala mkubwa ambaye hapa Kenya amebaki huko tu. Sisi hatukuwa na gari. Tulilala.

Jumatano, Mbita na Rusinga

Kutoka Homa Bay lami ni nzuri na ziwa linaonekana na kupotea nyuma ya vilima. Unafika Mbita na kwanza unausikia: upepo. Mji ni mdogo, barabara moja yenye maduka, nyumba za wageni zilizoelekea maji, na ufuo ambako mashua za kwenda visiwani zinapakia sukari, magodoro na saruji. Wikendi hujaa watu wa Kisumu na Kisii. Katikati ya wiki tulipata vyumba vya kuchagua, vyenye chandarua. Chandarua usikubali kukikosa. Mbita ni nchi ya malaria, na kituo cha icipe kilichopo hapa, ambacho kimepewa jina la mwanzilishi wake Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti wa mbu na wadudu wengine kwa miongo mingi.

Mbita na Rusinga vimetenganishwa na mkondo mwembamba. Katika miaka ya 1980 mkondo huo ulizibwa kwa tuta la mawe ili magari yapite, na maji yakakosa njia moja ya kutoka na kuingia ghubani. Wavuvi walilalamika miaka na miaka kwamba upande wa ndani umekufa. Sasa kuna daraja na maji yanapita chini yake. Tulisimama katikati, mjomba akiwa ameshika kofia isiruke, tukatazama chini: mkondo unakwenda, unaona majani yakivutwa. Mzee aliyeishi na maji maisha yake yote alitabasamu kama aliyepewa zawadi. Nami nasema waliong'ang'ania mkondo ule ufunguliwe walitutendea hisani sote, hata sisi tunaokaa mbali.

Rusinga tulizunguka kwa bodaboda. Hapa ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Na hapa ndipo alipozikwa mwanasiasa Tom Mboya, kijijini Kasawanga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Niliwaeleza watoto habari za ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kuanzia 1959, na kwamba yeye ndiye aliyezihangaikia. Mkubwa alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Mama, alikuwa mdogo kuliko wewe." Sikuwa na la kumjibu. Tulisoma fatiha kwa ajili ya wote waliouawa kabla ya kumaliza kazi yao, tukatoka.

Usiku mwezi ulikuwa haujatoka. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, huwasha taa majini usiku wa giza ili kuwavuta samaki juu, na kutoka barazani tuliona mamia ya taa hizo zimetanda upeo wa macho. Ukiwa mgeni utaapa kuna jiji ng'ambo.

Alhamisi, Takawiri

Tulitaka kuondoka asubuhi mapema. Hili nalisisitiza kwa anayepanga safari: upepo wa ziwa huanza kuvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu mchana, na alasiri maji hayana adabu. Mwenye mashua mmoja alitupa bei ya chini lakini hakuwa na jaketi za kuokolea. Mjomba hakubishana naye, alimpa mkono wa kwaheri tu. Tukapata nahodha mwingine, mtaratibu, aliyemvisha kila mmoja wetu jaketi na kukaza kamba za mdogo kwa mikono yake kabla ya kuwasha injini.

Tulipoipita ncha ya Rusinga mashua ikaanza kupanda na kushuka. Mawimbi ya kweli. Mbele yetu hakukuwa na ng'ambo. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na Kenya tuna asilimia 6 tu, lakini ukiwa pale asilimia hiyo inakutosha. Tulipita kisiwa cha miamba kilichojaa mnandi, mawe yote meupe kwa samadi yao, harufu ikitufuata.

Takawiri ni kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi. Minazi hasa, imeinama juu ya maji. Nilivua viatu nikatembea hadi mwisho wa ufuo. Nahodha alituruhusu kujaribu kasia pale mashua ilipoelea: ubao wote ulionekana, na chini yake mchanga, na kivuli cha kasia juu ya mchanga. Ziwa ni lile lile, na siku ile ile huko Dunga usingeuona ubao huo. Tofauti ni upepo, kina, na umbali kutoka kwenye midomo ya mito yetu na mabomba ya miji yetu. Nahodha alisema hata huku kuna miezi gugumaji linafika, vipande vipande, vikisukumwa kutoka ndani. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu anayetaja mgonjwa wa nyumbani.

Watoto waliogelea. Niliwaruhusu baada ya kufikiri, kwa kuwa kichocho kiko kote ziwani. Konokono wanaobeba vimelea hupenda majani na maji yaliyosimama, basi tulikaa kwenye mchanga mtupu wenye mawimbi, mbali na matete, na nilipowatoa niliwakausha haraka. Hiyo hupunguza hatari, haiiondoi.

Chakula cha mchana kilikuwa mbuta wa kuchoma juu ya jiko la mawe, ugali wa mtama, na pilipili. Samaki huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na alimaliza aina nyingi za samaki wadogo wa asili. Nayajua hayo yote, na bado ni mtamu.

Ijumaa, Mbita

Ijumaa ilikuwa siku ya kupumzika. Asubuhi nilikwenda ufuoni mashua za omena zinapofika. Wanawake wananunua kwa karai, wanaanika juu ya nyavu zilizotandazwa chini, kisha wanapita kati ya nyavu wakiwageuza kwa ufagio mwepesi. Jua likiwa kali wanakauka siku moja. Mvua ikinyesha ghafla mali yote inaweza kuoza. Nilinunua gunia dogo. Muuzaji alinichagulia mwenyewe, akanifundisha kuyatambua yaliyoanikwa vizuri: yana rangi ya fedha, hayana mchanga, ukivunja moja linatoa mlio. Aliniambia pia kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, na miezi hiyo ndiyo migumu kwake kulipa karo. Hata hivyo anaiunga mkono marufuku hiyo. Alikumbuka mwaka ambao watu waliivunja, na nyavu zilirudi na nini.

Jumamosi, kurudi

Feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno hubeba magari, ng'ombe, magunia na watu, na inavuka mlango wa ghuba wenyewe kwa muda wa saa moja hivi. Tulipanda juu. Kulia kwetu ghuba ilikuwa imelala, na maji yake yana wekundu kidogo baada ya mvua ya usiku. Kushoto Rusinga, na nyuma yake ziwa lina mawimbi. Mjomba aliwaita wanangu kwenye ukingo, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo Nyando inaingia, mbali kabisa, hata hapaonekani, akawauliza mto ule unatoka wapi. Mkubwa akajibu, "Kwetu."

Kutoka Luanda K'Otieno matatu hupita Ndori, Holo na Kisian hadi Kisumu. Barabara ni ya lami na usingizi ulitushinda sote.

Mfangano hatukufika. Kuna michoro ya kale kwenye miamba huko, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe, na jumba la makumbusho la Waabasuba, na kisiwa hicho kinahitaji siku zake chenyewe. Mjomba ameshachukua namba ya yule nahodha kwa likizo ya Aprili. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Januari, nitawapeleka watoto kupimwa kichocho, maana kupima mapema mno hakuonyeshi kitu, na dawa yake ipo.